Karata Iliyofunikwa

Jumamosi, kwenye kibaraza cha duka la pembejeo hapa Lushoto, nilimkuta bwana shamba mstaafu, mwenzangu wa karata miaka yote, akimfundisha poka mwalimu kijana aliyehamia kutoka Gare. Mimi aliniambia poka siiwezi.

"Moja inafunikwa, unaiona wewe tu," alimwelekeza kwa upole ambao sijawahi kuuonja. "Nne zinakuja wazi, moja moja. Kila ikija, weka maharage au jitoe."

Rundo la maharage la kijana lilikuwa limenona. Roho ikaniuma. Nikasogea hadi mbele yake, nikakohoa.

Akainuka haraka. "Shikamoo, mzee!" Na kwa kuwa huku kwetu mkubwa hapewi mkono mmoja, alinyoosha yote miwili, na ile karata aliyoificha kifuani ikaanguka, ikalala wazi mezani.

"Marahaba," nikaitikia taratibu, macho kwenye karata. Tatu tupu.

Rafiki yangu hata hakuitazama. Alinitazama mimi.

"Kijana," alisema, "hapa zimeonekana mbili. Yako, na aliyokuja nayo mzee moyoni."

Bado hajanialika. Maharage yangu nimeshayachambua.