Njia ya Changarawe Iliyopita Chumbani Kwetu

Kabla sijaanza: usiniambie ni uchovu. Mume wangu ameshasema ni uchovu. Mchungaji amesema ni uchovu na shetani kidogo. Dada yangu kule kwetu Uvira amesema kwenye simu nipunguze kazi. Nipunguze ipi? Nasuka nywele za watu kutwa pale Jules Street, nimesimama, nikirudi nyumbani nasimama tena. Uchovu naujua, tunaishi nao chumba kimoja. Lililotokea hapa mtaani kwetu Malvern majira ya baridi ya mwaka 2018 halikuwa uchovu. Lilitokea. Niliona kwa macho haya.

Kwanza baiskeli.

Mume wangu, Baba Furaha, ni mlinzi wa geti kwenye nyumba za matajiri kule Sandton. Humo aliishi mzee mmoja Mwingereza, mpenda baiskeli. Yake haikuwa ya barabara ya lami. Ilikuwa ya njia za changarawe, matairi manene, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume. Mzee akirudi kutoka matembezini, kadi ya kufungulia geti anayo mfukoni, lakini haigusi. Baba Furaha alipenda kumwigiza. Anasimama katikati ya chumba, mguu mmoja mbele, kidevu juu: "Anasubiri tu, Mama Furaha! Miaka yote hii, hajafungua hata siku moja!" Halafu anacheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Siku moja akaja na ile baiskeli. Pia chuma cha kuifungia ndani ya nyumba, gurudumu la nyuma linazunguka bila kwenda popote, na flashi yenye video. Mzee alizipiga mwenyewe miaka ya nyuma, kamera ikiwa kwenye usukani: njia za changarawe za vijijini kwao Uingereza. Unaziweka kwenye TV, unakanyaga pedali, unajiona unapita.

"Mzee amerudi kwao," mume wangu akaniambia. "Kaniachia."

Kaniachia! Chumba kimoja, watu watatu, kitanda, kabati, friji, na sasa baiskeli isiyokwenda. Mtu ametoka zamu, badala ya kunishikia mtoto nijinyooshe mgongo, anapanda baiskeli anakwenda Uingereza. Vuuu, vuuu, jirani wa chini anagonga dari yake kwa ufagio. Mbaya zaidi, alimfungia Furaha kiti cha plastiki kwa nyuma. Mtoto alikuwa na miaka mitatu. Kiswahili anasikia lakini anajibu Kiingereza, kama watoto wote wa hapa. Akawa hataki kitu kingine. Kila jioni kondoo. Anataka kuwaona kondoo. Kondoo nitawatoa wapi Malvern?

Sitadanganya, zile video zilikuwa nzuri. Njia nyeupe, vilima vya kijani, kuta za mawe, mvua nyepesi isiyokwisha. Ila mwendeshaji mwenyewe huwezi kumwona. Unaona njia, na pengine vidole vyake kwenye usukani. Basi.

Jioni moja Baba Furaha alikuwa kazini. Giza lilishaingia, nasonga ugali, Furaha analia kondoo, kondoo, mpaka kichwa kikaniuma. Nikamfunga kwenye kile kiti, nikawasha video. Haya, nenda ukawaone, niache nipumue. Mama gani hajawahi kusema hivyo?

Umeme ukakatika. Mgao wa kawaida. Jengo zima likapiga kelele "Eish!" kwa sauti moja, jiko likafa, ugali ukabaki uji. Nikapapasa mshumaa juu ya kabati. Dirishani Jules Street yote nyeusi, hata robot, taa za barabarani, zimezima. Lakini chumbani mwetu mlikuwa na mwanga.

TV ilikuwa inaendelea.

Nikageuka. Kiti cha plastiki kitupu, na mkanda wake bado umefungwa. Mlango umefungwa pia, ufunguo ninao shingoni. Kwenye TV, juu ya ile njia nyeupe, kulikuwa na mgongo wa mtu. Mzee wa koti la manjano, anaendesha taratibu, na nyuma yake kofia ya sufu ya rangi ya waridi niliyoifuma kwa mikono yangu.

Wewe ungefanya nini? Ungeomba? Mimi nilitukana. Nikapanda ile baiskeli. Sijawahi kuendesha baiskeli maishani, kwetu zilikuwa za kaka zangu. Nilipanda na kitenge kiunoni na malapa miguuni, nikakanyaga.

Niamini, baridi ndiyo iliyotangulia. Si hii yetu kavu inayopasua midomo. Ilikuwa baridi yenye maji. Halafu harufu ya mavi ya ng'ombe. Halafu changarawe zikaanza kunirukia miguuni, na nilipotupa jicho pembeni, kabati halikuwepo.

"Wee mzee! Nirudishie mtoto!"

Hageuki. Aliyegeuka ni Furaha. Akanikunjia uso, akaniambia kwa Kiingereza chake nirudi nyumbani, kondoo wako karibu. Mwanangu mwenyewe! Nimembeba miezi tisa, nimemnyonyesha, leo nafukuzwa kwa ajili ya kondoo!

Nikakanyaga kwa hasira, lapa moja likabaki nyuma. Kisha njia ikafika kwenye geti. Geti la mbao, limefungwa, na ng'ambo yake hakuna njia, hakuna vilima, ukungu mtupu. Mzee akasimama. Mguu mmoja chini, kidevu juu. Hakunyoosha mkono. Akasubiri.

Nikamfikia. Uso wa kawaida tu, mweupe, umelowa, macho yanapita juu ya kichwa changu. Akaniambia kwa upole, kama mtu anayeagiza chai, nimfungulie geti.

"Nikufungulie?" Maneno yote ya Uvira yakanitoka. "Nikufungulie mimi? Mikono yako umeiacha wapi? Mlinzi wako yuko Sandton anapigwa na baridi. Fungua mwenyewe!"

Hapo ndipo aliponitazama, kama mtu aliyejibiwa na nguzo. Akatazama geti. Akatazama mkono wake. Naapa, aliutazama kama hajui unatumikaje. Na geti lenyewe lilifungwa kwa kitanzi cha kamba tu, hata Furaha angelifungua. Akaomba tena, safari hii sauti inatetemeka. Alitaka sana kupita, yule mzee. Nikaelewa: mzee hakuwa na shida na mtoto. Alijua tu kwamba mtoto akija, mama atakuja nyuma yake, na mama atafungua.

Sikufungua. Nilimng'oa Furaha nyuma ya mzee, anapiga mateke, ananiuma bega. Nilipogeuka, kitenge kikanasa kwenye msumari wa geti. Nikakivuta, hakikutoka. Nikakiacha.

Nilirudije? Usiniulize. Umeme ulirudi, friji ikaguna, jengo likapiga miluzi, na mimi niko sakafuni na gauni la ndani, nywele zimelowa, mtoto mikononi ananililia kondoo. Viatu vyake vilikuwa na tope jeupe. Tope la Malvern ni jekundu.

Asubuhi nikamwambia Baba Furaha yote. Akatazama viatu, akasema nimemwaga unga. Unga! Nikambana mpaka akatapika alilolificha. Mzee hakurudi kwao. Alifia pale pale Sandton, na baiskeli ilitolewa na watoto wake baada ya mazishi. "Sikutaka uogope," anasema.

Kisha akawasha video anionyeshe kwamba hakuna kitu. Tukakaa kitandani. Vilima, kuta, kondoo. Geti likafika. Kitenge changu kilikuwa kwenye msumari, kile cha samaki wa bluu, kimelowa, kinapepea. Ndani ya video iliyopigwa kabla mimi sijaolewa.

Mume wangu alizima TV. Halafu akasema flashi imeharibika.

Nilimpiga na mto. Baiskeli niliishusha ngazi mwenyewe siku hiyo hiyo, flashi nikaisaga kwa nyundo. Mpaka leo hataki tuzungumze habari hiyo, na umeme ukikatika yeye ndiye anayewahi kumshika Furaha mkono. Lakini ni uchovu wangu, sivyo?

Wewe mama mwenzangu, mumeo akileta kitu cha bure kutoka kazini, usiulize kama kinafanya kazi. Uliza mwenye kitu hicho yuko wapi. Mwangalie mumeo machoni, uulize tena. Na mtu mwenye mikono mizima akikuomba kwa upole umfungulie mahali usipopajua, acha ulaini wako.

Juzi, asubuhi ya jua, anga haina hata wingu, Furaha aliweka kijiko chini akanitazama. Akasema kwa Kiswahili, yeye asiyesemaga Kiswahili:

"Mama, kitenge chako kinanyeshewa. Babu anauliza utakuja lini kukichukua."

Nikamwambia ale uji wake.