Shangazi wa Dama

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo hadi leo nikiitaja uso hunichoma kwa haya. Nakusimulia kwa sababu jana nilikuona ulivyomkata jicho mwenzio alipotembelewa na babake mdogo. Usiniangalie hivyo. Mimi ni mpishi wa makao haya, lakini macho yangu hayako kwenye sufuria peke yake. Na kabla ya kuwa mpishi nilikuwa mtoto hapa hapa Matsangoni, yatima kama wewe, nikilala kitanda cha juu naye Dama akilala cha chini.

Mimi na Dama tulikuwa chanda na pete siku zote za mwezi isipokuwa moja: Jumapili ya mwisho, siku ya wageni. Siku hiyo, baada ya ibada, alikuja shangazi yake kutoka Marereni, alikofanya kazi ya kukusanya chumvi hadi viganja vikampasuka. Alimwita Dama "mama", maana mtoto alipewa jina la bibi yake, mama mzazi wa huyo shangazi. Ati mama! Mtoto wa miaka kumi na miwili anaitwa mama na mtu mzima, anashikwa mashavu, anatazamwa kucha kama ni safi. Mimi nilijitia kufagia pale karibu nisikie yote. Mahamri aliyoleta tuligawana sote, ndiyo kanuni ya makao, lakini haja yangu haikuwa mahamri. Mimi nililetwa hapa mchanga, sijui jina langu ni la nani. Roho iliniuma jamani, nikamchukia rafiki yangu siku nzima, kisha Jumatatu tukacheza tena.

Jumapili ninayokwambia, shangazi alikuja na habari nzito. Nilimsikia akimweleza Mama Debora, mlezi wetu, kwamba amepata chumba na anataka kumchukua Dama wakaishi pamoja.

"Ila nimsikie mwenyewe," akasema. "Simlazimishi. Hapa amepazoea."

Mama Debora akanituma nikamwite Dama, aliyekuwa akifua nyuma ya jikoni. Sikufika. Nilisimama kando ya tangi la maji nikawaza: yaani ana shangazi, ana jina, sasa na nyumba pia, na mimi nibaki na kitanda kitupu chini yangu? Nikarudi. Mama Debora alikuwa ameitwa na mgeni mwingine. Nikamwambia shangazi, macho makavu, "Amesema haji. Amesema hataki kuishi na mtu wa chumvi."

Lo! Ulimi huu.  Shangazi alivitazama viganja vyake, akajifunga leso vizuri, akaenda zake barabarani.

Dama aliposikia kwa wenzetu kuwa shangazi yuko, akaja mbio, mikono imejaa povu, lakini basi lilikuwa limeshapita. Alilia mpaka sauti ikamkauka. Siku ya tatu alikuwa bado hataki kula, nami nikashindwa kumtazama. Nikamwendea Mama Debora nikamwambia yote, nikangoja kiboko. Hakunipiga.

"Kache," akasema, "kila jioni kwenye maombi kila mtoto hutaja haja yake kwa sauti. Wewe miaka yote unawaombea wagonjwa na wasafiri. Kumbe unayo haja yako umeikalia mpaka imekuharibu. Vaa viatu."

Tukaenda Marereni sote watatu, Dama, aliyekwisha kuambiwa yote, hataki hata kuketi upande wangu. Tulimkuta shangazi kwenye mabwawa ya chumvi, reki mkononi. Dama akamkimbilia. Mimi nikasimama juani nikasema, "Shikamoo, shangazi. Nilisema uongo. Dama hakutamka vile. Nilimwonea kijicho kwa sababu ana wewe."

 Nilijua atanizaba kofi, na haki ya Mungu ningelistahili.

"Siku tatu nimelia," akasema, "nikidhani mama yangu amenikataa. Na wewe kumbe ulitaka mtu tu? Mbona hukusema? Kila mwezi nakuona na ufagio wako, nikadhani wapenda usafi!"

Dama alihamia Marereni wiki ile ile. Hakuniaga, na sikumlaumu. Jumapili ya wageni ilipofika tena nilijificha jikoni nisione mtu yeyote akikumbatiwa. Mara nikamsikia Mama Debora akiita, "Kache! Toka huko. Una mgeni."

Alikuwa shangazi wa Dama, na alinijia hivyo mpaka nikawa mtu mzima. Wala sitakudanganya: kila alipopanda basi kurudi kwa Dama, kijicho kilinishika upya. Hakikuniisha.

Basi, mwanangu, ukiona wivu usijidhani wewe ni shetani. Hukuutafuta. Kosa ni kuunyamazia hadi uje useme wenyewe kwa mdomo wako, na ukishasema ni mwenzio atakayelia. Roho ikikuuma, mwendee mtu mzima umwambie, "Nami nataka mtu wa kuniuliza hali." Sema kwa aibu, sema ukilia, lakini sema. Mimi nipo, na mlango wa jikoni hauna kufuli. Mungu akupe mtu wako wa kukuita kwa jina, na kabla hajafika, akupe miguu ya kwenda mbio kumwita mwenzio kwenye heri yake. Amina.