Ngano Haisomwi Mchana

Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikuwa nikifundisha Kilatini katika shule moja upande wa Kisian, na nilikuwa nimeiandika hadithi ile ile kwa mara ya nne. Chanzo chake kilikuwa ngano ya msichana aliyetumwa kuomba moto kwa jirani, akamkuta fisi ameketi mekoni, amejifunga leso ya mwenye nyumba. Mama Mkubwa, dada wa mama yangu, ndiye aliyetusimulia ngano hiyo tulipokuwa wadogo. Mimi nilikuwa nimeihamishia mtaa wa wakubwa wa Milimani, katika nyumba ya ofisa aliyerithi kiti cha Mwingereza, na fisi nikamvika suti. Mhariri mmoja wa Nairobi aliahidi kuisoma iwapo ingemfikia kabla kitabu chake cha mkusanyiko wa hadithi hakijapelekwa kiwanda cha uchapaji. Barua za mwisho zilizoweza kuwahi zingeondoka na gari la moshi la Ijumaa jioni.

Sikuweza kutulia. Kila sentensi ilikuwa sahihi, lakini hadithi nzima haikuwa na uhai, nami niliihisi kasoro bila kuweza kuitaja. Ijumaa hiyo, baada ya vipindi vya asubuhi, nikapanda baiskeli hadi soko la Kondele, mjini, ambako Mama Mkubwa aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, nikinuia kumsomea kisha niende posta moja kwa moja.

Nilimkuta akiondoa changarawe katika omena waliotandazwa juu ya gunia. Nilipotoa karatasi akauliza ni nini, nikamweleza. Bila kuinua macho akasema kwamba ngano haisimuliwi jua likiwa juu. Anayesimulia mchana hudumaa. Nikajitetea kwa hoja niliyoiona imara: sitasimulia, nitasoma tu.

"Na hiyo karatasi haijui kuwa ni mchana?" akauliza.

Muuza nyanya wa jirani akacheka, akasema mwalimu huyu ameshafika kimo chake, hana cha kupoteza. Mama Mkubwa hakucheka. Alitaka nije jioni, kazi ikiisha, au niende zangu.

Nikaenda posta. Nikapanga foleni, nikatoka, nikarudi, nikatoka tena. Bahasha ililowa jasho mpaka wino wa anwani ukaanza kusambaa. Milango ilipofungwa nilikuwa bado nje, nimeishika, wala sikuweza kujidanganya kwamba nilikuwa nimeamua.

Jioni nikasoma nyumbani kwake, nikitafsiri kwa Kijaluo, mbele yake na wajukuu wake. Walimtambua fisi mara moja licha ya suti yake, wakafurahi. Msichana alipofika mlangoni na kubisha, wote wakavuta pumzi, wakaningoja. Mimi nikaendelea kusoma. Alipobisha mara ya pili wakaningoja tena, kisha wakaanza kutazamana.

"Mwalimu," Mama Mkubwa akasema taratibu, "sisi tunaingia wapi?"

Katika ngano yake msichana huimba kila anapobisha, na wasikilizaji humwitikia. Asipoitikiwa, mlango haufunguki. Wimbo huo nilikuwa nimeufuta tangu rasimu ya kwanza, kwa sababu ulirudiwa mara tatu, nami nilifunzwa kwamba mwandishi makini hajirudii. Nikamweleza kwamba kitabuni msomaji huwa peke yake.

"Basi huyo atasimama mlangoni mpaka achoke," akasema, na wajukuu wakaangua kicheko.

Jumamosi sikuifungua bahasha. Nilianza upya kuanzia pale mlangoni. Wimbo ukanikatalia: sauti zilizotikisa nyumba ya Mama Mkubwa tulipokuwa wadogo, kwenye karatasi ziligeuka orodha ya maneno. Nikaacha mistari mitatu mitupu, nafasi ya msomaji kuitikia, nikaandika habari za fisi aliyekuwa ndani, jinsi alivyoacha kutafuna ili asikilize. Nikaiacha tena mistari mitatu mitupu. Nikainuka, nikazunguka chumba, nikaketi tena, nikaiandika sentensi ya msichana akibisha mara ya pili, nikaikata kwa kuwa ilijirudia, nikaiandika tena.