Doa kwenye Kucha ya Chapuchapu

"Mjomba, kitu gani kinafanya kucha ikue haraka?"

Aliyeuliza alikuwa binti wa dada yake, mtoto wa miaka saba, amekaa juu ya rundo la mbao anang'iniza miguu. Aliyeulizwa alikuwa seremala, na wakati huo alikuwa ameweka futi juu ya kidole gumba chake cha kushoto, anakipima kama anayepima mlango.

"Ningejua," akasema, "ningekuwa nimeshaoa."

Mtaani walimwita Chapuchapu. Ukimwagiza kiti, "chapuchapu", ukimwagiza kabati, "chapuchapu." Na kweli kazi zake ziliisha upesi, ila droo zake zilifunguka kwa kubembelezwa. Siku moja alikuwa anapigilia msumari, mara mshona mapazia wa chumba cha jirani akapita na kitambaa begani. Chapuchapu akageuza shingo, nyundo haikugeuka. Gumba likaumuka, na damu ikavilia chini ya kucha, kule inakochipukia, ikaacha doa jeusi.

Mshonaji ndiye aliyemfunga kidole. Chapuchapu, pamoja na maumivu yote, akaona asipoteze nafasi.

"Unaonaje tukioana? Mwezi huu huu."

"We! Hata kwetu hupajui!"

"Nitapajua njiani."

Mshonaji alicheka mpaka akakaa chini. Kumpenda alimpenda, tena sana. Alichoogopa ni zile mbio. Anayeingia mbio anaweza kutoka mbio vilevile. Akamshika kidole, akasema, "Doa hili likitoka kwenye kucha, na wewe bado unanitaka, tutaoana. Kabla ya hapo sitaki kusikia habari ya ndoa."

Chapuchapu akadhani ni mambo ya wiki mbili. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyemkata maini: kucha ya gumba huchukua kama nusu mwaka kukua yote.

"Nusu mwaka! Hakuna dawa, dada?"

"Dawa hakuna. Ila za vijana hukua upesi kuliko za wazee, na wakati wa joto kuliko wa baridi. Mkono unaoutumia zaidi hutangulia kidogo. Kidole cha kati ndicho kinachowashinda wenzake, gumba linajikokota."

"Kumbe ningejigonga cha kati, tena cha kulia!"

"Kaka, ungeangalia tu msumari."

Basi akaanza vituko. Alikula mayai na maharagwe mpaka dada yake akalalamika sufuria hazipumziki. Alikiloweka kidole kwenye maji ya uvuguvugu kama anayeloweka nguo. Mwisho akahamishia nyundo mkono wa kushoto, ili nao upate kazi. Kiti cha kwanza kilirudishwa na mwenyewe.

"Fundi, hiki kila nikikikaribia kinainama kunisalimia!"

Lakini mkono wa kushoto haukujua chapuchapu. Kila msumari aliukazia macho, kila ubao aliupima mara ya pili. Kidogo kidogo kazi ikanyooka. Siku moja mshonaji akapita, akavuta droo mpya, akairudisha, akaivuta tena. Ikateleza kama siagi. Kisha akaenda zake.

Muda si mrefu, wakaoana.

Binti wa dada yake sasa yuko sekondari, na habari za kucha amezisoma darasani. Juzi alikaa palepale kwenye mbao, jambo moja likimkera.

"Mjomba, mimi nakumbuka. Wiki ile ya harusi, doa lilikuwa halijafika nchani. Sasa kucha ile ilikuzwa na nini?"

Chapuchapu akachungulia chumba cha jirani, ambako mkewe alikuwa anakata pazia, akashusha sauti.

"Mkasi wa mkaza mjomba wako. Alikuja nao hapa, akanikamata kidole, akakata kucha mpaka nikaruka. Nikamwambia, mama wee, doa lilikuwa bado! Akasema, 'Nilisema litoke. Nilisema litoke lenyewe?'"