Rehema wa kitabuni ni nani?

Jamani, kuna mtu anaitwa Rehema kaimba nyimbo zangu zote, na mimi nimemjua leo!

Pale Newtown, mjini Johannesburg, walikuwa wanazindua kitabu cha historia yetu, sisi wanawake wa Joburg tunaowapenda na kuwaimbia wanawake wenzetu. Mwandishi ni mhadhiri Mkenya. Alikuja kunihoji kwangu Turffontein, akala na pilau. Nikamwambia kabisa: andika Mwanaidi.

Nafungua kitabu. Bendi yangu ipo. Nyimbo zangu zipo. Mwimbaji: Rehema.

Eish!

Nikamfuata yule mhadhiri. "Daktari, mbona umenibadilisha jina?"

"Tulikuwa tunakulinda, dada yangu. Nyumbani wakijua je?"

Wakijua? Mama yuko Tanga na anajua. Shangazi alinifukuza harusini mbele ya watu, akiliita jina hilo hilo la Mwanaidi. Matusi nile mimi, sifa apewe Rehema?

Akaona bora anitilie sahihi kitabuni yaishe. Kashika kalamu, anatabasamu:

"Niandike kwa nani?"



Nikaichukua ile kalamu, nikaondoka nayo. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Niko kwenye teksi narudi nyumbani. Kila penye Rehema nakata, naandika Mwanaidi.

Nimefika sura ya tatu.