Sekunde Thelathini na Nane za Ejnar

Ejnar Kvistgaard alichinja nguruwe kwenye kiwanda cha nyama huko Jutland miaka thelathini na mmoja, na mimi nilifanya kazi upande wake wa kushoto miaka kumi na tisa kati ya hiyo. Hakuwa mtu wa kelele. Ndiyo maana asubuhi ile alipopiga yowe kwenye simu ya ofisini, tulidhani amefiwa.

Kisa kilianza na Merete Tolstrup, fundi wa maabara kutoka Aarhus, aliyekuwa akija kila Jumanne kuchukua bongo za nguruwe. Siku moja akatukuta tunakunywa kahawa, akajitupa kitini.

"Nyinyi mnanipa bongo zenye mashetani!" akasema. "Wiki hii mafuta kidogo, wiki ijayo mara kumi. Profesa ananiona mimi ndiye ninayeharibu."

"Mafuta gani?" akauliza Ejnar.

"Yale ambayo seli za ubongo hutumiana kama ujumbe. Kuna kimeng'enya kinachoyakata kutoka kwenye utando wa seli. Tunachobishania ni kama ubongo huyaweka akiba, au huyatengeneza pale yanapotakiwa."

Nikacheka. "Haya, daktari Ejnar, mjibu mwenzio!"

Ejnar hakucheka. Aliacha mkate wake mweusi uliopakwa ini. "Yalizidi wiki gani?"

"Ile kabla ya Pasaka."

"Jumanne ya wiki hiyo mkanda unaowabeba nguruwe ulikwama. Wale nguruwe walining'inia karibu nusu saa kabla sijawafikia." Akamtazama. "Merete, huenda kimeng'enya chako hakijui kwamba nguruwe ameshakufa. Kinaendelea na kazi tu."

Merete akaweka kikombe chini: "Basi nahitaji ubongo ulioganda kabla hakijaanza kazi."

Msimamizi alikataa katakata kusimamisha mkanda kwa ajili ya ubongo. Ejnar akamfuata siku tatu mfululizo, mpaka yule bwana akachoka: "Basi! Nguruwe wanne, saa kumi na mbili asubuhi, kabla mkanda haujaanza. Ukinichelewesha dakika moja, utanijua."

Wiki nzima Ejnar alifanya mazoezi ya kutoa ubongo haraka kwenye vichwa vilivyobaki, mimi nikishika saa. Dakika mbili. Dakika moja na robo. Alibadilisha kisu, akabadilisha hata mahali pa kusimama.

Jumanne ikafika. Merete alisimama na chombo cha nitrojeni baridi kinachofuka moshi. Nguruwe wa kwanza alipokata roho, Ejnar aliingia kazini kama mtu anayezima moto.

"Sasa!" Ubongo ukatumbukia, nitrojeni ikachemka, ubongo ukaganda.

"Thelathini na nane!" nikapiga kelele. "Thelathini na nane, mzee!"

Wa pili tulimwacha dakika tano, wa tatu kumi, wa nne nusu saa. Mkanda ukaanza kwa wakati.

Merete alipiga simu Ijumaa asubuhi. Ejnar alisikiliza, kisha ndipo likatoka lile yowe. "Hamna kitu! Wa kwanza karibu hana chochote! Halafu yanapanda, yanapanda kama ngazi!"

Ubongo mbichi ulikuwa hauna akiba. Kimeng'enya ndicho kilichokuwa kikiyatengeneza yale mafuta, hata nyama ikiwa imeshakufa. Tulirudia mara sita, na kila mara ngazi ikawa ileile.

Walimwita maabara, Aarhus. Alivaa suti yake ya harusi, nami nikamsindikiza. Profesa, mwanamke mrefu aitwaye Vibeke, alimwonyesha mchoro ukutani. Ejnar aliugusa kwa kidole kwenye nukta ya chini kabisa.

"Hii ni yangu?"

"Ni yako. Miaka miwili tumeitafuta."

Masikio yakamwiva mekundu. Kisha maswali yakamtoka kama maji: Je, nguruwe aliyeogopa kabla ya kufa? Je, aliyelala njaa? Upande wa nyuma wa ubongo nao ni hivyohivyo? Vibeke akavuta kiti, akatafuta kalamu.

"Taratibu, Ejnar. Rudia hilo la woga."

Tulikosa treni mbili. Nilikaa pembeni nikila keki yao, nikimtazama rafiki yangu, aliyeacha shule akiwa na miaka kumi na minne, akibishana na profesa huku mikono yake mikubwa ikichora ubongo hewani.