Mimba ya Ng'ombe wa Wifi

Alhamisi, katikati ya mwezi wa tano. Mvua ilinyesha usiku kucha, ikakatika alfajiri, na hapa Ipyana njia ya kwenda barabarani imekuwa tope la kuvua viatu.

Naanzia juzi, maana ya leo yametokana na ya juzi. Mtaalamu wa mifugo alikuja, pikipiki yake ina tope hadi kwenye taa. Aliitwa na wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyerudi kuishi kwa baba yake baada ya kufiwa. Banda lake na langu yanatazamana, katikati migomba tu. Ng'ombe wetu walizaa mwezi mmoja. Alitaka wake apimwe mimba, nami nikaomba na wangu apimwe hapohapo, kwa sababu mume wangu alishatamka: mvua zikiisha hana mimba, anakwenda mnadani.

Mtaalamu akavaa glavu ndefu, akaingiza mkono kwa ng'ombe wa wifi, akatulia, kisha akacheka.

"Mama, huyu ana mzigo."

Wifi akapiga kigelegele. Mimi nikasema ndaga, asante, tumshukuru Mungu. Nilisema kwa mdomo. Kooni ilikuwa kama nimemeza pilipili nzima.

Kwa wangu alichukua muda zaidi. "Huyu hana kitu."

Niandike kwa haki: wifi hajanikosea lolote. Ila ng'ombe wake ni wa kawaida tu, mbavu unazihesabu, maziwa ya kuwekea chai. Wangu, yule mwekundu, ndiye aliyekuwa akisimamisha watu njiani. Nilipomkausha maziwa akisubiri kuzaa, nilimlisha pumba laini kutoka mashine ya kukoboa mpunga, anakofanya kazi mume wangu, hadi mgongo ukawa bapa. Mama mmoja akienda kanisani aliniuliza, "Mwenzangu, huyu ng'ombe au kiboko?" Nikafurahi wiki nzima. Kwetu ng'ombe aking'aa, anasifiwa mwenye ng'ombe.

Nilimwuliza mtaalamu, iweje aliyekonda ashike mimba na aliyenona abaki mtupu?

"Ndiyo hiyo hiyo sababu," akasema. "Alizaa akiwa mnene mno. Ng'ombe mnene akishazaa hamu ya kula inapungua, na maziwa yanataka nguvu. Nguvu asiyoipata kwenye hori anaitoa mwilini. Mafuta yake yanayeyuka, yanaingia kwenye damu, yanakwenda kulijaza ini. Ini likilemewa, mwili unasema mimba isubiri. Mayai yanachelewa kukomaa, na joto la kutaka dume likija linakuja dogo."

"Kwa hiyo kosa ni langu?"

"Sijasema kosa, mama. Nimesema unene."

"Na mimi nilikuwa nikiona aibu wa kwangu alivyokonda!" wifi akadakia. Labda hakuwa na nia mbaya. Nilitamani ateleze kwenye lile tope, kidogo tu, asiumie.

Nilisoma hadi darasa la saba, huenda mengine sikuyashika vizuri. Nilichoshika ni kwamba pumba nyingi zilitakiwa baada ya kuzaa, na kwa kuongezwa polepole, siyo kabla. Mtaalamu alisema pia kwamba sasa ng'ombe ameanza kula vizuri, yai amelipapasa, joto li karibu. "Lakini litakuwa la muda mfupi. Atasimama apandwe na wenzake alfajiri, basi. Likikupita, usubiri wiki tatu."

Hapo ndipo wivu wangu ulipohama. Alfajiri anayefungua ng'ombe wote ni baba mkwe. Macho yake hayapitwi. Joto la ng'ombe wa wifi aliliona yeye, akamwita binti yake palepale. Mimi ni mkamwana. Kwetu mkamwana hakutani na baba mkwe, hasemeshani naye. Wengi wameacha, mimi bado napita nyuma ya migomba nikisikia kikohozi chake. Mume wangu msimu huu wa mavuno analala mashineni. Sasa mzee akiona, atamwambia nani? Wifi ana baba anayemwita kwa jina. Mimba nilimwonea wivu, lakini hilo nililionea zaidi.

Leo alfajiri nilikuwa jikoni napuliza moto. Nikasikia mzee nje akimfokea mbwa wetu, kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

"Wee mbwa! Umelala tu! Ng'ombe mwekundu anapandwa na wenzake, ametulia kama kisiki, na mwenyewe hana habari! Mbwa gani wewe?"

Nilisimama na khanga kichwani. Kumjibu siwezi. Nikaigeukia sufuria, nikapaza sauti. "Sufuria, tumesikia! Ndaga fijo! Simu kwa mtaalamu inapigwa sasa hivi!"

Mzee akamwambia mbwa, "Haya, umesikia sufuria ilivyosema."

Upande wa pili wifi alikuwa amekaa chini kwa kicheko. "Jamani! Mbwa na sufuria wana akili kutuzidi!" Akaja, akaniambia jana alimwomba baba yake asikae kimya akiona kitu. Kwa hiyo hata hilo limetoka kwake. Ningependa kuandika kwamba wivu umekwisha. Umepungua upande mmoja.

Mtaalamu alisema ng'ombe wa joto la asubuhi anapandikizwa mbegu jioni. Akaja jua likishuka, na mtungi wake wa mbegu, akafanya kazi yake mimi nimeshika kamba na wifi ameshika mkia. Nilimpigia mume wangu simu. Akasema basi, mnada usubiri hadi apimwe. Kama ameshika sijui. Huenda hakushika.

Jioni tulikula wali wa mpunga mpya na usipa, dagaa wa ziwani, wa kukaanga. Wifi alikula kwetu, akaniomba pilipili, na sahani ya baba yake nikamfunikia aipeleke yeye, nikaweka usipa mwingi.